Rovu la Hashimoto na Lugha ya Mgonjwa

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mtu anayeona haya kumweleza mganga au mkunga kile kinachomsibu. Kosa, kwa mujibu wa methali, ni la mgonjwa mwenyewe: amekifumba kinywa chake kwa hiari. Hata hivyo, ipo hali moja ambayo wahenga hawakuitaja, nayo ni ya mgonjwa asiyeficha lolote ila hana neno la kusemea. Mwanamke anayeambiwa hospitalini kwamba tezi yake ya thairoidi ina hitilafu, au kwamba ovari zake hazikomazi mayai inavyostahili, hurudi nyumbani akiwa na karatasi mkononi na kimya kinywani. Mumewe akimwuliza daktari amesema nini, hujibu kwamba ni "kitu fulani cha shingo". Mavyaa yake akitaka kujua ni kwa nini mimba haishiki, hana jibu kabisa. Basi pengo hilo hujazwa upesi na maneno ambayo tayari yapo: uchawi, laana, utasa.

Makala haya yanashikilia kwamba kuliziba pengo hilo ni kazi ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kama ilivyo kazi ya madaktari, na kwamba kazi yenyewe si ya kubuni maneno tu bali ya kuyafikisha kwa mgonjwa. Ili hoja hii ieleweke, yafaa kuyatazama maisha ya tabibu mmoja wa Kijapani ambaye jina lake hutajwa kila siku katika hospitali za ulimwengu, ilhali wengi wanaolitaja hawajui alikuwa nani.

Hakaru Hashimoto alizaliwa mwaka wa 1881 katika kijiji kilichopo sehemu za Iga, mkoani Mie, nchini Japani. Ukoo wake ulikuwa wa matabibu. Alisomea udaktari katika mji wa Fukuoka, katika chuo ambacho baadaye kilikuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kyushu, akahitimu mwaka wa 1907 pamoja na kundi la kwanza kabisa la wanafunzi wa chuo hicho. Baada ya hapo aliingia katika idara ya upasuaji chini ya Profesa Hayari Miyake. Huko ndiko alikokutana na jambo lililomfanya akumbukwe.

Wanawake wanne wa makamo walikuwa wamefanyiwa upasuaji kwa sababu ya uvimbe wa shingo, yaani rovu. Hashimoto alizichukua nyama zilizokatwa katika tezi zao akazichunguza kwa hadubini. Alichokiona hakikulingana na aina yoyote ya rovu iliyokuwa imeelezwa vitabuni. Tezi zilikuwa zimejaa seli za limfu, zile ambazo kwa kawaida hukusanyika mahali ambapo mwili unapigana na adui. Seli za tezi yenyewe zilikuwa zimebadilika umbo, na nyuzinyuzi za kovu zilikuwa zimetanda kila mahali. Yaani palikuwa na dalili zote za vita, lakini adui hakuonekana. Mwaka wa 1912, akiwa na umri wa takriban miaka 31, Hashimoto alichapisha makala ya kurasa 30 kuhusu wanawake hao wanne katika jarida la upasuaji la Kijerumani, Archiv für klinische Chirurgie. Aliyaandika kwa Kijerumani.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kusimama kidogo. Kwa nini Mjapani aliyewatibu Wajapani katika mji wa Japani aandike kwa Kijerumani? Jibu ni rahisi: wakati huo Kijerumani kilikuwa mojawapo ya lugha kuu za udaktari duniani, na Japani ilikuwa imeuchagua mfumo wa Kijerumani kuwa kielelezo cha elimu yake ya tiba tangu karne ya 19. Anayetaka kusikika mbali hana budi kupanda juu ya kichuguu kirefu zaidi. Hashimoto alipanda, na hakuna wa kumlaumu. Wale wanaodai kwamba kila mtafiti wa Kiafrika anayeandika kwa Kiingereza amewasaliti watu wake wangefaa kuutafakari mfano huu.

Lakini huo ni upande mmoja tu wa kisa. Baada ya kuchapisha makala yake, Hashimoto alisafiri hadi Ujerumani kuendelea na masomo, akafanya utafiti mjini Göttingen. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, safari hiyo ya kielimu ilikatizwa. Alirejea Japani, na mwaka wa 1916 akaenda kufanya kazi ya udaktari katika sehemu alikozaliwa. Hakurudi tena kwenye maabara ya chuo kikuu. Maisha yake yaliyosalia aliyatumia kuwatibu watu wa kwao, hadi homa ya matumbo ilipomwua mwaka wa 1934, akiwa na umri wa miaka 52. Kwa hiyo kazi yake ina sehemu mbili: miaka michache ya utafiti ulioandikwa kwa lugha ya ugenini, na miaka karibu 18 ya kuzungumza na wagonjwa kwa lugha yao. Ulimwengu unaikumbuka sehemu ya kwanza. Wagonjwa wake, bila shaka, waliijua ya pili.

Sehemu hizo mbili ziliwezekana kuishi ndani ya mtu mmoja kwa sababu ya kazi iliyofanywa na watu wengine zaidi ya karne moja kabla yake. Mwaka wa 1774, Sugita Genpaku na wenzake walichapisha kitabu cha anatomia kiitwacho Kaitai Shinsho, walichokitafsiri kutoka Kiholanzi. Walipoianza kazi hiyo hawakuwa na kamusi ya kutegemewa, na viungo vingi vilivyotajwa havikuwa na majina katika lugha yao. Walilazimika kuyaunda. Neno shinkei, linalomaanisha neva, lilizaliwa katika kazi hiyo, na hadi leo Mjapani hulitumia hata nje ya hospitali anapozungumzia mtu mwenye wasiwasi mwingi. Mwanzoni mwa karne ya 19, tabibu mwingine, Udagawa Genshin, alikwenda mbali zaidi. Alipokosa herufi ya kuandikia dhana ya tezi, alibuni herufi mpya, akiunganisha alama ya mwili na alama ya chemchemi. Herufi hiyo, isomwayo sen, ndiyo inayotumika nchini Japani katika neno la tezi ya thairoidi: kojosen, yaani tezi yenye umbo la ngao. Ovari nayo huitwa ranso, yaani kiota cha mayai.

Wajerumani, ambao Hashimoto alitumia lugha yao, hawakuwa tofauti. Jina thairoidi lina asili ya Kigiriki na lilitolewa na Mwingereza Thomas Wharton mwaka wa 1656 kwa kurejelea umbo la ngao. Wajerumani hawakulichukua neno hilo likiwa zima. Walisema Schilddrüse, yaani tezi ya ngao, neno ambalo Mjerumani yeyote asiye daktari analielewa. Kwa hiyo, lugha ile ambayo leo hutolewa mfano wa lugha ya sayansi ilikuwa imekwisha kufanya kazi ambayo Kiswahili kinaulizwa kama kinaiweza.

Kisa cha makala ya Hashimoto baada ya kuchapishwa kina funzo jingine, nalo linahusu majina. Kwa miaka mingi wataalamu wa Uingereza na Marekani hawakuyatilia maanani. Mwaka wa 1896, Mjerumani Bernhard Riedel alikuwa ameeleza aina nyingine ya rovu, gumu mithili ya chuma, na wengi wakaamini kwamba alichokiona Hashimoto kilikuwa hatua ya mwanzo tu ya ugonjwa wa Riedel. Ugonjwa mmoja ulimezwa na jina la mwingine. Mwaka wa 1931, madaktari wawili wa Marekani, Allen Graham na E. Perry McCullagh, walitetea kwamba hayo yalikuwa maradhi mawili tofauti. Polepole jina la Hashimoto likakubalika, naye hakuishi sana baada ya hapo. Nchini mwake hakuwa mtu mashuhuri alipofariki dunia.

Siri ya vita isiyo na adui ilifumbuliwa mwaka wa 1956. Jijini London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa Hashimoto ilikuwa na zindiko, yaani kingamwili, zilizoelekezwa dhidi ya protini ya tezi yao wenyewe. Mwaka huohuo, mjini Buffalo huko Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba sungura waliweza kufanywa washambulie tezi zao wenyewe. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba mwili hauwezi kujigeuka. Dkt. Doniach, aliyekuwa na mchango mkubwa katika ugunduzi huo, alizaliwa mwaka wa 1912, mwaka uleule ambao makala ya Hashimoto yalichapishwa. Ilichukua umri wa mtu mzima kutoka kuuona ugonjwa hadi kuuelewa.

Mswahili angeshangaa kwa nini jambo hili liliwachukua muda mrefu hivyo. Lugha yake ilikwisha kusema zamani kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hakika hakuna maelezo mafupi na sahihi zaidi ya ugonjwa wa Hashimoto kuliko methali hiyo. Askari waliowekwa kuulinda mwili wameugeukia na kuanza kuibomoa tezi yake. Mwalimu wa afya anayeijua methali hii ameshapata nusu ya somo lake bila gharama yoyote.

Tezi inapobomoka, homoni yake hupungua, na upungufu huo hugusa mwili mzima. Mgonjwa huchoka bila kufanya kazi, huhisi baridi wakati wengine wanatoka jasho, hunenepa, hufunga choo, ngozi yake hukauka na nywele hung'oka. Ugonjwa huu huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Zaidi ya hayo, ovari husikiliza mambo ya tezi hii. Homoni ya thairoidi ikipungua sana, hedhi huweza kuvurugika na kuwa nzito, yai huweza kukosa kutoka, na mimba huweza kukosa kushika au kuharibika. Mwaka wa 1960, Judson Van Wyk na Melvin Grumbach wa Marekani waliandika kuhusu wasichana ambao tezi zao hazikufanya kazi na ambao walianza kupata hedhi wangali wadogo mno. Walipopewa homoni waliyoikosa, hali hiyo ilirudi nyuma. Baadaye ilithibitishwa kwamba katika wasichana wa namna hiyo ovari huweza kujaa vivimbe vikubwa vya majimaji, navyo hunywea kwa vidonge vya homoni. Maana yake ni nzito: daktari anayeitazama ovari peke yake na kuisahau shingo anaweza kukata kiungo ambacho kidonge kingekiponya.

Linganisha sasa ukweli huo na neno tasa. Neno hili halina wakati wala sababu. Halisemi kwamba mwanamke hajashika mimba kwa kuwa kitu fulani kimepungua mwilini mwake. Linasema kwamba hivyo ndivyo alivyo. Linaufunga mlango kisha linautupa ufunguo. Kwa mwanamke mwenye upungufu wa homoni ya thairoidi, mlango huo mara nyingi unaweza kufunguliwa kwa kidonge kimoja kila siku. Ndoa zimevunjika, na wanawake wamerudishwa kwao, kwa sababu ya hali ambayo ilikuwa na tiba lakini haikuwa na jina.

Hata hivyo, jina lolote tu halitoshi. Mfano wa pili kuhusu ovari unaonyesha hatari ya kutafsiri bila kupima. Mwaka wa 1935, Irving Stein na Michael Leventhal wa jiji la Chicago walieleza hali ya wanawake saba ambao hedhi zao zilikuwa zimepotea au kuvurugika na ambao ovari zao zilikuwa kubwa, zenye vitu vilivyofanana na malengelenge. Kutokana na kazi yao, hali hiyo ikaja kuitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya ovari zenye vivimbe vingi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba wengi wao hawajui kuwa wanayo. Tafiti zimeonyesha pia kwamba ugonjwa wa Hashimoto huonekana zaidi miongoni mwa wanawake hao kuliko miongoni mwa wengine.

Tatizo ni kwamba vile vinavyoitwa vivimbe si vivimbe. Ni vifuko vidogo vya mayai ambavyo vilianza kukua vikasimama kabla ya kukomaa. Isitoshe, chanzo cha hali hii hakimo katika ovari peke yake. Kinahusu homoni za mwili mzima, ikiwemo insulini. Mwaka wa 2012, jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilisema wazi kwamba jina hilo linapotosha na likapendekeza litafutwe jingine. Sasa, mtafsiri wa Kiswahili anayeandika "ugonjwa wa uvimbe katika ovari" hajatafsiri maarifa. Ametafsiri kosa.

Na kosa hilo likiingia katika Kiswahili hukua. Neno uvimbe katika matumizi ya kila siku limebebeshwa mzigo usiolingana na mabega yake. Shingo iliyofura ni uvimbe, kifuko cha maji katika ovari ni uvimbe, fibroidi za mji wa mimba ni uvimbe, na saratani nayo huanza kwa kuitwa uvimbe. Mwanamke anayeambiwa kwamba ana uvimbe katika ovari husikia tangazo la kifo, kumbe ameelezwa hali ambayo haitamwua na ambayo ina matibabu. Kadhalika, wapo wanaoiita ovari mfuko wa mayai, na wanaouita mji wa mimba mfuko wa uzazi. Mifuko hiyo miwili huchanganywa, na mgonjwa huondoka hospitalini bila kujua ni upi wenye kasoro.

Tukio la shingoni nalo lina mkanganyiko wake. Kiswahili kina neno rovu, neno zuri na la kale, lakini rovu ni jina la dalili, wala si jina la tezi. Si kila mgonjwa wa Hashimoto ana rovu; kwa baadhi yao tezi husinyaa kimyakimya, shingo ikabaki kama ya mtu mzima wa afya. Daktari atamwambiaje mgonjwa huyo kwamba ana ugonjwa wa rovu? Wapo wataalamu waliopendekeza neno dundumio liwe jina la tezi yenyewe. Ni neno lenye sura ya Kiswahili kamili, lakini ni wauguzi wangapi nchini Kenya waliowahi kulitamka mbele ya mgonjwa? Neno ambalo limekaa kamusini bila kutoka ni kama dawa iliyofungiwa kabatini.

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Si kweli kwamba Kiswahili hakina istilahi za tiba. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka wa 2003, na watoto wa shule za msingi nchini Tanzania wamesoma kuhusu mwili wa binadamu kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Upungufu uko katika njia itokayo kwenye rafu ya maktaba hadi kwenye kitanda cha mgonjwa. Mwuguzi wa Kenya husomeshwa kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza na huandika faili kwa Kiingereza. Kisha hutarajiwa aingie wodini azungumze Kiswahili kuhusu mambo aliyoyajua kwa lugha nyingine, bila hata saa moja ya mafunzo. Matokeo yake ni kwamba kila mwuguzi hubuni istilahi zake papo hapo, na wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja hutoka na majina mawili.

Kwamba istilahi inaweza kuishi midomoni mwa watu si ndoto. Nchini Tanzania, iodini, ambayo ukosefu wake ni chanzo kikubwa cha rovu, ilipewa jina la madini joto. Mama wa nyumbani asiyejua lolote kuhusu kemia hununua chumvi yenye madini joto na anajua kwamba huzuia rovu. Mwanakemia anaweza kunung'unika kwamba jina hilo halielezi sifa za elementi hiyo, lakini limefanya kazi iliyokusudiwa: limeingia jikoni. Mfano mkubwa zaidi ni Ukimwi. Neno hilo, lililoundwa kutokana na ukosefu au upungufu wa kinga mwilini, lilibeba maelezo ndani yake na likaifanya dhana ya kinga ijulikane na kila mtu, kuanzia mtoto wa shule hadi ajuza wa kijijini.

Lakini mafanikio hayo nayo yana mtego ambao mtunga istilahi asiyekwenda wodini hawezi kuuona. Kwa kuwa kinga imefungamana na Ukimwi katika akili za watu, mwanamke anayeambiwa kwamba ana "ugonjwa wa kinga" ataelewa jambo moja tu, na mumewe vilevile. Ugonjwa wa Hashimoto si upungufu wa kinga. Ni kinga iliyokosea shabaha. Tofauti hiyo lazima ibebwe na jina lenyewe, si na tanbihi. Huenda "kinga kujishambulia" ikafaa, huenda jingine likafaa zaidi. Mwamuzi awe ni yule anayelisikia kwa mara ya kwanza akiwa amekaa kwenye benchi la kliniki, wala si kikao cha wataalamu peke yao.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba Wajapani na Wajerumani walikuwa na dola zenye nguvu na fedha za kugharimia lugha zao. Watasema pia kwamba kubadilisha majina kutawachanganya madaktari, na kwamba wagonjwa wengi nchini Kenya hupenda zaidi kuelezwa kwa lugha zao za mama. Pingamizi hizi si za kupuuzwa. Hata hivyo, Sugita na wenzake walikuwa watu wachache waliokutana kusoma kitabu, wala hawakuwa wizara. Madaktari hawaombwi waache istilahi zao za kimataifa. Hashimoto mwenyewe hakuziacha. Maneno kama homoni na ovari yanaweza kubaki jinsi yalivyo, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Na kuhusu lugha za mama, istilahi ya Kiswahili iliyo wazi ni daraja zuri kwa mkalimani wa Kidholuo au Kikamba kuliko neno la Kilatini ambalo hata yeye halielewi.

Fauka ya hayo, jambo hili si hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mtoaji huduma, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Sheria imekwisha kusema. Kinachosubiriwa ni maneno ya kuitekeleza.

Nani atayatoa? Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vimezoea kuandaa makongamano, mashindano ya uandishi na mijadala kuhusu ushairi. Hayo ni mema na yaendelee. Lakini katika vyuo vikuu vyenye vitivo vya udaktari na uuguzi, mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa tiba hupanga foleni moja ya chakula na hawajawahi kuketi meza moja kwa ajili ya kazi. Wakiketi, kazi ipo na haihitaji ruzuku kubwa. Wanaweza kuanza na maradhi mawili tu, la tezi ya thairoidi na la ovari. Wakusanye maneno ambayo wagonjwa, wakunga na wauguzi wanayatumia tayari katika kaunti mbalimbali, yakiwemo yale yanayopotosha. Wayalinganishe na yaliyomo kamusini. Waandike maelezo ya ukurasa mmoja kwa kila ugonjwa, kisha wampe mtu asiye msomi ayasikilize na ayaeleze upya kwa maneno yake. Akikosea, kosa ni la maelezo. Tasnifu ngapi za istilahi zimeandikwa bila jaribio hilo rahisi?

Hashimoto aliwatazama wanawake wanne akaona ambacho wengine hawakukiona, kwa sababu hakukubali kuliita jambo jipya kwa jina la zamani. Kisha alirudi kwao akawahudumia watu waliomwelewa, kwa kuwa waliomtangulia walikuwa wamemwachia maneno. Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo imo mikononi mwa madaktari. Ya pili imo mikononi mwa watu wa lugha, na mwanamke mwenye karatasi mkononi na kimya kinywani bado anaisubiri.